Pampu Imezimwa, Kelele Ziko Palepale

"Shangazi, mwambie huyo mwenzako asiguse kebo yangu."

"Shangazi, mwambie huyo dada kebo ni ya kiwanda, si ya mtu."

Shangazi, msimamizi wa zamu, mama mwenye mwili na sauti ya kuitia watu ng'ambo, alishika kiuno. Waliokuwa wakimtuma wenyewe walikuwa wametenganishwa na pampu ya maji tu, huyu upande huu, yule upande ule.

"Siku hizi mimi ndiyo simu yenu? Semezaneni! Wachumba gani nyie?"

"Tulikuwa," alijibu Sikio.

Walimwita Sikio kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima mitetemo ya mashine na kuujua ugonjwa kabla mashine haijaanguka. Mchumba wake, fundi umeme, walimwita Kimya, na jina lilimkaa kama soksi. Juzi asubuhi wifi mtarajiwa alimtumia Sikio ujumbe: "Wifi pole, mama katuambia harusi imeahirishwa. Kuna jambo?"

Imeahirishwa! Na nani? Alipomuuliza Kimya, jibu lilikuwa moja: "Tutaongea." Hawakuongea. Sikio akanuna, na moyoni akaamua: jioni hii atamwambia mama mkwe kwamba yamekwisha.

Lakini kwanza pampu. Kwenye mchoro wa kompyuta ya Sikio ulisimama mlima mmoja mrefu, dalili ya mtetemo wa kutisha. Meneja alishasema: ikifika mchana hakuna jibu, pampu inafunguliwa, mtaa mzima ukae bila maji.

"Beringi zimekufa hizo," alisema Shangazi.

"Ningezisikia. Pampu inanguruma vizuri tu. Hiki chombo kinanitania!"

Akabadilisha kihisi kilichoshikizwa kwenye pampu. Mlima. Akazima chombo, akakiwasha tena. Mlima. Akakaza skrubu mpaka kidole kikachubuka. Mlima unamtazama tu.

"Zimeni pampu!" alifoka.

Kimya akabonyeza. Pampu ikaguna, ikatulia. Na mlima? Palepale.

Shangazi akachungulia. "Imelala na bado inatetemeka? Pampu hii au jini?"

"Si pampu," Sikio alisema polepole. "Ni umeme. Mapigo ni yaleyale ya umeme wa ukutani, umeingia kwenye kebo." Akasahau kununa. "Wewe, umefanya nini kwenye paneli ya umeme?"

"Shangazi, mwambie..."

"Niambie mimi!"

Kimya akaelekeza kidole kwenye paneli. "Ule wavu wa waya unaofunika kebo, nimeufunga kwenye ethi, waya wa ardhini, pale kwenye paneli. Jana. Nilikuona unahangaika na kelele kwenye vipimo vyako, nikasema nikusaidie."

"Jana? Na mimi jana hiyohiyo nimeufunga huku kwenye ethi ya pampu!"

"Mbona hukuniambia?"

"Kwani tulikuwa tunaongea?"

Wakatazamana. Wavu wa kebo hufungwa ardhini upande mmoja tu. Ukiufunga pande mbili, umeme unapata njia ya kuzunguka, na ukizunguka unapiga kelele humo ndani kama mgeni asiyeaga.

"Somo la muhula wa kwanza hilo," alinong'ona Kimya.

"Nyamaza. Fundo lako liko mahali pake. Nafungua langu." Hilo lilimuuma kuliko kidole.

Akafungua. Mlima ukaporomoka. Pampu ikawashwa, vikatokea vilima vidogo vya mashine yenye afya. Shangazi akapiga kigelegele, akakimbilia ofisini kwa meneja.

Sikio akaanza kukunja kebo. "Na harusi nayo ulinisaidia?"

"Mtihani wako wa masomo ya jioni umeangukia wiki ileile ya harusi. Nakuona unavyosinzia juu ya kitabu. Nikaona nikupunguzie mzigo."

"Ukamwambia mama yako kabla yangu."

"Niliogopa utakataa."

"Basi ningekataa! Si ndiyo maana mtu huulizwa? Mimi nimelia nikidhani umenichoka, kumbe bwana yuko kwenye huduma! Unanipenda kama fundi aliyeingia nyumba ya watu bila hodi: unakata waya, unaondoka, mwenye nyumba abaki gizani!"

"Nimekosa," alisema Kimya. "Sijakuchoka. Hata kidogo."

Simu ya Kimya ikaita. Mama yake. Akaiweka spika.

"Mama, shikamoo," Sikio alitangulia.

"Marahaba mwanangu. Fundi wa nguo yuko hapa mbele yangu, ananiuliza akate kitambaa au aache. Harusi ipo, haipo, imekufa? Nipeni jibu moja, mmenichosha!"

Sikio akakaa kimya makusudi. Akimsikia mwanamume huyu anajibu peke yake tena, basi. Hatangoja hata jioni.

Kimya akaisogeza simu mdomoni. Kisha akaifunika simu kwa kiganja, akamwinamia.

"Wewe unataka lini?"

Tangu wachumbiane hajawahi kumuuliza hivyo. Sikio akajifuta machozi kwa mkono wenye grisi, akajipaka hadi sikioni.

"Jumamosi ile baada ya mtihani. Sitaki kusinzia kwenye harusi yangu."

"Si ndiyo kuahirisha kwenyewe huko?"

"Ndiyo. Ila hii tumeahirisha wote. Sema, mama anasubiri."

Kimya akatoa kiganja. "Mama," alisema, na sauti yake siku hiyo ilifika mpaka kwa Shangazi ofisini, "tumekubaliana! Mwambie fundi akate kitambaa!"