Aliyeketi Kando ya Shofa

Msibishane na mimi. Nilikuwepo, niliona yote, na macho yangu mnayajua: yanaona samaki kabla samaki mwenyewe hajajua kama yuko ndani ya maji.

Shida ilianza na kiti kilicholowa. Ilikuwa mwaka wa 1963, mji wetu wa Kalemie ukiitwa bado Albertville. Mgiriki mmoja alikuwa amejenga tuneli ya kuosha motokari, banda refu la mabati lisilo na dirisha. Mnyororo chini unavuta motokari, brashi nene kama migomba zinazunguka zenyewe, pompi inavuta maji ziwani. Mteja anakaa ndani, anafunga vioo, anatokea upande wa pili motokari ikimetameta. Watu walitoka mbali, hata Manono, kuja kuonja ajabu hiyo. Kisha wakaanza kunong'onezana: vioo tulifunga, mbona kiti cha kando kinatoka kimelowa? Na mle katikati, mbona kunanuka matope ya ziwa?

Évariste, shofa wa taksi, aliwacheka. Jumamosi moja mchana akaenda na mke wake, Adrienne. Mtoto wao Onésime, wa kunyonya bado, walimwacha nyumbani na shangazi yake.

"Papa Onésime, mi siingii umu," Adrienne alisema chini chini. "Iko kama kinywa."

"Kinywa bila meno. Ikala tu kwa kiti, Mama. Bibi ya shofa anaogopa sabuni?"

Mnyororo ukashika. Kabla maji hayajaanza, Adrienne akafungua mlango, akaruka nje. Évariste akanyoosha mkono, akaufunga, akicheka peke yake.

Brashi zikaanza kukwaruza bati la juu, povu likafunika vioo vyote, giza likaingia, na ndani ya giza lile, mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kusimama bila kusagwa na brashi, mlango wa kando ukafunguka taratibu na kufungwa taratibu, kiti kikalia kama kinavyolia mtu mzima akikaa, harufu ya matope na samaki wa jana ikamjaa mpaka kooni, na mkono wa baridi, laini kama tumbo la kambale, ukaingia ndani ya mkono wake ukatulia.

"Njo wewe, Mama?" Évariste aliuliza, akitaka kujua kama ndiye.

"Njo mimi," sauti ya Adrienne ikajibu. "Nilirudia ndani. Usigeuke."

Hakugeuka.

Walipotoka juani, Adrienne alikuwa amesimama mbele ya motokari, kitenge kikavu, viatu mkononi. Na kando ya Évariste alikuwa ameketi Adrienne, kitenge kilekile, kinachuruzika maji.

Mmoja wao ndiye atakayerudi naye nyumbani na kumpakata mtoto. Évariste aliuliza: "Mutoto tulimuacha kwa nani?"

Wa nje alifungua kinywa, sauti haikutoka. Wa ndani alijibu bila haraka, mkono hakuuachia.

"Kwa dada yako Odile. Tuende, Papa. Ni saa yake ya kunyonya."

Hapo ndipo Mama Léontine, mganga wa Mpala, alipopasua kundi la watu waliokuwa wakingoja zamu, akammwagia yule wa ndani unga mweupe, akamwita kwa jina ambalo siwezi kulitaja. Yule akalia kama pompi iliyokosa maji, akayeyuka, likabaki dimbwi kwenye kiti. Évariste akamkumbatia mke wake. Mgiriki akafunga tuneli siku hiyohiyo.

Hivyo ndivyo ninavyowasimulia watoto, wapate usingizi. Yote ni kweli, ila kitu kimoja nilikitunga: Mama Léontine. Hakuja mganga yeyote siku ile. Évariste aliondoa motokari na yule aliyejibu, wakaenda kwa mtoto. Yule mwingine alianguka vumbini, na mimi ndiye niliyemwinua.

Mkono wake ulikuwa na joto.