Bendera ya Wageni

Kila siku akitoka shule, msichana mmoja alianza kazi hata kabla ya kuvua viatu. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana yake. Msichana alifagia vipande vya nguo, akaokota pini sakafuni kwa sumaku, akapanga rangi za nyuzi rafuni.

"Baba, nimemaliza!"

Fundi aliinama akachungulia chini ya meza. Vipande viwili vilikuwa vimejibanza nyuma ya mguu wa cherehani.

"Umemaliza, au umechoka?" aliuliza.

Ndiyo maana nyumbani na shuleni walimwita Chapuchapu.

Wiki hiyo shule ilikuwa na pilikapilika nyingi. Timu ya mpira wa miguu ya wasichana kutoka nchi jirani ilikuwa inakuja Jumamosi kucheza mechi ya kirafiki. Bendera ya wageni haikupatikana dukani, kwa hiyo mwalimu wa michezo alimwomba fundi aishone. Chapuchapu, aliyekuwa darasa la saba na mwenye mkono mzuri wa kuchora, alitumwa maktaba ainakili kutoka kwenye kitabu kikubwa cha ramani, ambacho hakikuruhusiwa kutolewa nje.

Katikati ya bendera hiyo palikuwa na mtungi mwekundu. Chapuchapu aliuchora kwa makini, shingo na tumbo lake, ukapendeza kweli. Zikabaki rangi tatu za milia iliyolala, mmoja juu ya mwingine. Wakati huo rafiki zake walikuwa dirishani wakimwita wakaruke kamba. "Rangi tatu tu, nitazisahauje?" alijisemea, akafunga kitabu.

Jioni, nyumbani, aliandika pembeni mwa mchoro: nyeusi, nyeupe, buluu.

"Nyeusi ndiyo ya juu?" fundi aliuliza, akiisogeza karatasi kwenye mwanga.

Chapuchapu alisita. Kurudi maktaba kesho kungemnyima mchezo tena. "Ndiyo, baba. Nimeiona kwa macho yangu. Nilikagua mara mbili."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa."

Fundi akachukua mkasi akakata kitambaa.

Jumamosi uwanja ulijaa. Wageni walishuka kwenye basi lao wakiwa wamevaa sare za buluu, wakajipanga mbele ya milingoti miwili. Bendera ya wenyeji ilipanda, wimbo ukaimbwa. Kisha ikapanda ya wageni. Wasichana wale walianza wimbo wao wa taifa kwa sauti nzuri, lakini bendera ilipokunjuka kwa upepo, sauti zikakatika moja baada ya nyingine.

"Shusheni!" nahodha wao, msichana mrefu, alipaza sauti. "Shusheni hiyo!"

Baadhi ya wanafunzi walicheka wakidhani ni mzaha.

"Kuna nini, mwanangu?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Mmetuzika! Mmeweka udongo juu na maji chini. Bendera yetu buluu iko juu, nyeusi iko chini!"

Mwalimu wa wageni, mwanamke mfupi mwenye miwani, alisogea. Hakupaza sauti. "Mwalimu mkuu, wasichana wangu hawatacheza chini ya kitu kile. Wasichana, turudini kwenye basi."

"Yaani safari yote hii, wanasusa kwa sababu ya kitambaa?" alinong'ona mwanafunzi mmoja. Nahodha alimsikia, akamgeukia.

"Kitambaa? Bibi yangu alifungwa miaka miwili kwa sababu ya hicho kitambaa! Waliotutawala walikataza watu kukusanyika. Wanawake walikutana kisimani tu, na bendera waliificha ndani ya mitungi mitupu. Aliyekamatwa nayo alipelekwa gerezani, na mlangoni kwake askari waliitundika hivyo hivyo, nyeusi juu, ili majirani wamhesabu amekufa. Bibi yangu alipotoka aliikuta bado inaning'inia. Sasa tumekuja kwenu kama wageni, nanyi mnatutundikia ile ile!"

Chapuchapu alijibanza nyuma ya wenzake mstarini.

Mwalimu wa michezo alitafuta wa kumwangushia lawama, akamwona fundi pembeni mwa uwanja, amevaa shati lake safi, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Fundi! Hii ni kazi gani? Umeletewa picha, hata picha huwezi kuifuata? Umetuaibisha! Wewe ni wa kushona magunia, si bendera!"

Watu wote waligeuka kumtazama fundi. Mkono wake ulipanda hadi kwenye mfuko wa shati, ambamo ile karatasi ya mchoro ilikuwa imekunjwa. Akamtazama binti yake. Kisha akaushusha mkono mtupu.

"Nisamehe, mwalimu," alisema. "Kitambaa nimekikata mimi."

Hasira zilimpanda Chapuchapu hadi masikio yakawaka moto. Huyu mwalimu ni nani hata amseme baba yake hivyo? Baba ambaye hufumua shati zima kwa sababu ya kola iliyokwenda upande kwa unene wa uzi tu! Na baba naye, kwa nini hasemi? Kwa nini haitoi karatasi? Alikunja ngumi. Kisha akakumbuka ni mkono wa nani ulioandika karatasi ile, na hasira yote ikamgeukia yeye mwenyewe.

Alitoka mstarini.

"Mwalimu, usimseme baba yangu! Alifuata nilichoandika mimi. Sikuandika nikiwa na kitabu. Niliandika nyumbani, kwa kukisia, halafu nikamwambia nimekagua mara mbili. Sikukagua hata mara moja."

Nahodha alimsogelea. "Kwa hiyo ulidanganya?"

"Ndiyo."

"Kuhusu bendera yetu?"

"Kuhusu bendera yenu." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakuinamisha uso. "Naomba mnisamehe."

"Tungewafanyia ninyi hivyo, mngetusamehe?" nahodha aliuliza.

Mwalimu mkuu alimgeukia mwalimu wa michezo. "Nawe uliletewa bendera hii Alhamisi. Uliikunjua?"

"Niliona imekunjwa vizuri, mwalimu mkuu, kwa hiyo..."

"Uliikunjua?"

"Hapana."

"Basi mwombe fundi radhi. Hapa hapa, na kwa sauti ile ile uliyomgombezea."

Mwalimu wa michezo aliomba radhi, na sauti yake ilisikika hadi nyuma. Bendera ilishushwa. Fundi akaipokea kwa mikono miwili.

"Nipeni saa moja," alisema.

"Na mimi nakuja," nahodha alisema. "Nataka kuona kwa macho yangu."

Karakana haikuwa mbali. Chapuchapu alifumua mshono kwa wembe, uzi mmoja mmoja, asikate kitambaa. Nahodha alisimama juu yake amekunja mikono. Kila wembe ulipokwenda kasi alikohoa, na Chapuchapu akapunguza mwendo. Polepole maneno yalianza kumtoka mgeni. Buluu ni maji ya kile kisima. Nyeusi ni udongo uliofinyangiwa mitungi. Nyeupe ni siku walipoweza kukutana mchana bila kujificha.

"Na yenu?" aliuliza ghafla. "Rangi zake zina maana gani?"

Chapuchapu alikuwa akisimama mbele ya bendera hiyo kila Jumatatu asubuhi, miaka saba sasa.

"Sijui," alisema. "Nitauliza, nikuandikie barua."

"Uliza. Ila usije ukaniandikia umeuliza kama hujauliza."

Fundi alicheka akiwa ameinamia cherehani, na kwa mara ya kwanza siku ile nahodha naye akatabasamu, ingawa kidogo tu.

Bendera ilipopanda tena, buluu ilikuwa juu. Wageni waliimba wimbo wao tangu mwanzo mpaka mwisho. Kisha wakawafunga wenyeji mabao matatu kwa moja, na hakuna aliyethubutu kunung'unika.

Wakirudi nyumbani, Chapuchapu alimshika baba yake mkono.

"Baba, kwa nini hukuitoa ile karatasi?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

"Na kama ningenyamaza?"

"Ningeitwa fundi asiyejua kazi. Hilo ningelivumilia. Lakini tungeketi meza moja jioni, wewe unajua na mimi najua, na hakuna anayesema. Hilo nisingeliweza. Kusahau rangi si kosa kubwa, mwanangu. Mimi nimewahi kushona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja. Kosa ni kusema 'nimeona' wakati hujaona. Mwenzako analiamini neno lako, anakata kitambaa. Leo neno lako moja limewaumiza watoto waliosafiri tangu alfajiri. Usipojua, sema hujui. Usipokagua, rudi ukakague. Hilo ndilo ninalotaka kwako, hata ukichelewa kwenda kucheza."