Pete ya Kuazima

Foleni ya tikiti pale hekaluni Karnak ilikwama kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyekataa kuwa mgeni.

"Hii ni tikiti ya wageni," alisema, akairudisha dirishani. "Mimi Mmisri."

"Kitambulisho?" aliuliza mkata tikiti, mzee mwenye masharubu mazito.

"Kimebaki hotelini, wanatoa nakala."

"Na mumeo?"

"Sina."

"Kaka? Baba? Hata kikundi?"

"Nimekuja peke yangu."

Mzee akamkagua toka kichwani hadi miguuni: mtandio wa rangi ya bizari, shati jeupe pana lililoshonwa likakaa, suruali ya jinzi, viatu vya mtu wa safari, begi mgongoni. "Mmisri haendi mahekaluni wala makaburini kutembea," alisema taratibu. "Makaburini Mmisri huenda kusoma Fatiha akarudi kwake. Wewe Mmaghribi, mtu wa Moroko. Hata Kiarabu chako kimepinda."

"Kimepinda kwa sababu mimi mtu wa Aleksandria."

Nyuma watu wakaanza kucheka. Nashwa, maana ndilo jina lake, alihisi masikio yanawaka. Alikuwa amesafiri usiku kucha kwenye treni, na njia nzima kila aliyekaa jirani yake alimuuliza yuko wapi mwenziwe.

"Ami Fikri," ikasema sauti nyuma yake, "mjaribu kwa molokhia."

Msemaji alikuwa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa kama watu wengi wa Luxor, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, penseli sikioni na ubao wa kuchorea kwapani.

"Mgeni anaweza kujifunza Kiarabu," aliendelea, "lakini kushtuka hawezi. Dada, samahani sana. Chungu cha molokhia kiko motoni. Kitunguu saumu kimekaangika, kikaango kiko mkononi mwako. Sasa unamimina. Haya."

Hakuna binti aliyelelewa katika nyumba ya Misri asiyejua kinachofuata. Saumu ikiigusa tu mboga ile ya mlenda, mpishi huvuta pumzi kwa kishindo kama aliyeona nyoka. Asiposhtuka, molokhia haiivi, na mama mkwe atajua. Nashwa aliitazama foleni, akamtazama yule kijana aliyebana midomo asicheke, akasema moyoni, liwalo na liwe. Akainua mkono kana kwamba ameshika kikaango, akauinamisha, akashtuka: "Haaah."

Alishtuka vizuri mno. Mama mmoja aliyekuwa na watoto watatu huko nyuma alimjibu bila kufikiri, "Mikono yako isalimike, mwanangu."

"Imeiva, Ami Fikri," alisema kijana. "Kata tikiti."

Mzee akakata tikiti ya wenyeji.

Kijana aliitwa Hagag. Kazi yake ilikuwa kunakili michoro na maandishi ya kuta za mahekalu, mstari kwa mstari, kabla chumvi haijazila. Nashwa alikuwa mshonaji wa magauni ya bibi harusi. Wateja wake wote humuuliza swali moja wakati anawapima kiuno: na wewe lini?

"Na unawajibu nini?" Hagag alimuuliza, wamekaa kivulini mwa nguzo.

"Huwa nina pini mdomoni. Siwezi kujibu."

Hagag akacheka hadi penseli ikaanguka. "Na huku kumekuleta nini, binti wa bahari?"

"Marinda."

"Marinda?"

"Wanawake wa ukutani. Nguo zao zina marinda membamba kama uzi, toka begani hadi kifundo cha mguu. Hawakuwa na pasi ya umeme. Waliyatengenezaje? Nimeona picha miaka yote, nikajiambia nitakwenda kutazama kwa macho yangu. Kila mtu ananiambia ngoja uolewe, mumeo atakupeleka. Nami namwambia: je, kama mume huyo hapendi marinda?"

Hagag aliokota penseli yake. "Nimeyachora marinda hayo miaka tisa," alisema, "na sijawahi kujiuliza."

Basi moyo wa Nashwa ukamwendea Hagag hapo hapo. Wanaume aliowajua wangemtungia jibu, na huyu alifurahia swali.

Simu yake ilikuwa imezima, akaomba ya Hagag ampigie mama mdogo wake. Hagag akasogea mbali kwa adabu.

"Umefika salama?" mama mdogo Insaf aliuliza. "Hii namba ya nani? Umevaa pete?"

"Ya mtu mmoja anaitwa Hagag, anafanya kazi hekaluni. Nimevaa," Nashwa alidanganya.

Pete ilikuwa ndani ya pochi. Ilikuwa pete ya ndoa ya mama mdogo mwenyewe, aliyemlea tangu utotoni, na alimpa kwenye mlango wa treni: ivae mkono wa kushoto, wanaume watakuacha upumzike. Kule kwao pete ya uchumba hukaa kulia, siku ya harusi ikahamia kushoto, na mwanamume mwenye akili hutazama mkono kabla ya uso. Lakini mama mdogo ana vidole vya mnofu. Ilibidi Nashwa aizungushie uzi mwekundu kwa ndani ili isimponyoke, na hata hivyo ilimkera. Nguo ya kuazima haisitiri matako, sembuse pete.

"Usiipoteze tu," mama mdogo alisema. "Baba yako mdogo anarudi Alhamisi kutoka baharini. Akikuta kidole kitupu nitamwambia nini?"

Kesho yake Hagag alimvusha ng'ambo ya magharibi, kwenye kaburi la Senedjem, fundi wa kale aliyewachimbia wafalme makaburi kisha akajichimbia lake dogo. Waliinama ngazini, wakainuka chumbani, na rangi zikawapokea: manjano, kijani, weupe wa kitani. Ukutani Senedjem na mkewe walikuwa wanalima peponi, yeye anaswaga ng'ombe, mkewe nyuma anamwaga mbegu.

"Huyu mama analima na gauni la karamu?" Nashwa alinong'ona. "Nguo nyeupe hiyo, shambani?"

"Peponi hakuna vumbi."

"Kama hakuna vumbi, mbona wanalima?"

"Walipenda kazi."

"Au walipenda kuwa pamoja, kazi ikawa kisingizio."

Hagag alimtazama yeye badala ya ukuta, na Nashwa alijua anatazamwa, akajitia kuhesabu marinda. Mlinzi wa kaburi akakohoa. Walitoka juani wote wawili wanacheka bila kujua wanachocheka.

"Mwezi wangu," Hagag alisema njiani, kwa sauti ya mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu.

"Mwezi wa nani?"

"Nimesema mwezi. Umechomoza mapema leo."

"Saa saba mchana? Kachore, ustadhi."

Ukafika wakati wa kurudi kwa kivuko. Nashwa alifungua pochi atoe nauli, na ile pete ikaruka, ikagonga sakafu ya chuma, ikabingirika hadi kwenye kiatu cha Hagag. Aliiokota. Kazi ya mtu humfuata kila mahali, naye alikuwa msoma maandishi: macho yakaenda ndani ya pete, mahali ambapo mafundi wa dhahabu huchonga jina la mume. Uzi mwekundu ulikuwa umejaa, ukaacha wazi jina tu. Shukri.

Nashwa aliona uso wake unafunga. Hakujua kwa nini. Alikuwa tayari kumsimulia kisa cha mama mdogo wacheke wote, lakini Hagag alikwisha kunyoosha mkono.

"Pete yako, bibi," alisema. "Ivae. Mahali pake ni kidoleni, si ndani ya pochi."

Bibi. Tangu jana alikuwa binti wa bahari, na muda mfupi uliopita alikuwa mwezi.

Hagag alikuwa anasema: una mume na umenificha. Nashwa alisikia maneno aliyoyasikia treni nzima, na hotelini, na kwa kila mteja wa gauni: mwanamke aliye peke yake ajifunike kwa jina la mwanamume. Kila mmoja akachomwa na mkuki usiokuwa wa mwenziwe.

"Kumbe na wewe ni wale wale," alisema.

"Wepi?"

"Wale wale. Kwaheri, ustadhi Hagag."

Kivuko kilikuwa hakijagusa ukingo vizuri alipokirukia kigati.

Siku mbili zilizofuata alitembea kama alivyokusudia tangu nyumbani, peke yake. Aliingia makaburi ya wafalme, akaona mbingu zilizochorwa nyota, akamwona malkia mmoja mwenye marinda yasiyo na mfano. Lakini kila alipopata swali aligeuka kumuuliza mtu ambaye hakuwepo. Peke yake aliizoea, na aliipenda. Upweke ndio ulikuwa mgeni, na ulikuwa na jina, na jina lilikuwa Hagag. Alilia kidogo nyuma ya sanamu moja kubwa, akafuta macho kwa mtandio, akaendelea kutazama, maana safari ameilipia mwenyewe. Walikuwa wamepeana namba, basi simu aliizima asije akaitazama kila dakika kama kuku anayeatamia.

Siku ya tatu alikuwa stesheni ya Luxor, anangoja treni ya kwenda Qena. Alibakiza hekalu la Dendera tu, jirani na Qena, kisha nyumbani. Watu walikuwa tele, magunia, vizimba vya njiwa, askari wa likizo. Alivaa gauni lake la buluu iliyokolea alilojishonea kwa safari, na pete ilikuwa kushoto, imekazwa kwa uzi. Amesema nivae, alijiambia kwa hasira, basi nimevaa.

"Baba yako mdogo anaitwa nani?"

Aligeuka. Hagag alikuwa anahema, shati limetoka suruali, penseli hana.

"Nini?"

"Nijibu tu. Anaitwa nani?"

"Shukri."

Hagag akakaa juu ya gunia la mtu. "Hotelini wameniambia uko huku. Mama yako mdogo amenipigia simu. Amenitukana. Anasema simu yako imezimwa, na mimi ndiye mwenye namba, basi mimi ndiye niliyekuiba. Kisha akasema: yeye abaki huko akitaka, lakini pete ya Shukri wangu irudi kabla ya Alhamisi. Nikamuuliza, Shukri wako? Akasema, kwani wa nani, mpumbavu wewe?"

Nashwa akaitazama pete. Akamtazama Hagag. Kisa cha kivukoni kikamrudia chote.

"Ulisoma jina ukadhani..."

"Nilidhani umeolewa, umeivua makusudi."

"Na mimi nilidhani unaniambia mwanamke asiye na pete asitembee."

"Mimi? Mimi niliyekufanya ushtuke mbele ya Luxor nzima ili uingie peke yako?"

Nashwa hakucheka bado. Alishika ncha ya ule uzi mwekundu, akaukunjua, ukatoka mrefu, akampa pete. Chini ya jina palikuwa na tarehe. Hagag akaisoma, kisha akaisoma tena.

"Elfu moja mia tisa themanini na tano," alisema.

"Hata sijazaliwa."

"Kazini tuna sharti la kwanza, hata mwanafunzi analijua. Jina hulisomi mpaka umesafisha mwaka." Akajipiga paji la uso. "Nimesafisha kuta za wafalme, uzi umenishinda."

"Ungeniuliza, Hagag."

"Niliogopa jibu."

Hilo lilimwingia. Mtu aliyefurahia maswali yote akaogopa moja tu, lile lililomhusu. Lakini treni ilikuwa inaingia kwa honi, na Nashwa alikuwa na jambo moja bado hajalijua, na asingepanda kabla hajalijua.

"Nikusindikize Dendera?" Hagag aliuliza.

"Hapana. Nakwenda peke yangu."

Aliungoja uso wake ufunge kama siku ile. Aliungoja kwa hofu kweli kweli, akajua kwamba ukifunga sasa, atapanda treni na hatarudi.

"Basi ukiingia," Hagag alisema, akimrudishia pete, "inua macho, upande wa..." Akatikisa kichwa. "La. Sikwambii. Ukatazame mwenyewe, kisha unisimulie."

Nashwa alipanda. Alipoketi dirishani aligundua anatabasamu na kizee cha pembeni kinamtazama.

"Mwenzio yuko wapi, mwanangu?" kizee kikauliza.

"Stesheni, mama. Ananingoja."

Dendera aliingia polepole, akapita kati ya nguzo nene, akasimama, akainua macho. Walikuwa wameondoa masizi ya karne na karne, na dari yote ilikuwa buluu, buluu ya gauni lake, na wanawake wa mbinguni wamejinyoosha juu yake na nguo zao. Alitazama mpaka shingo ikauma. Kisha akatoka uani, akawasha simu, akampigia Hagag.

"Nisimulie," Hagag alisema kabla hata ya salamu.

"Dari yote ni buluu ya gauni langu. Ulijua?"

"Nilikuona stesheni, nikasema moyoni, huyu anakwenda kwao."

Walicheka. Kisha sauti ya Nashwa ikabadilika.

"Hagag. Pete nimeivua, iko kwenye pochi. Alhamisi baba mdogo Shukri anarudi. Ijumaa huwa nyumbani baada ya sala, anakunywa chai, hana la kufanya, anapenda wageni."

"Ndiyo."

"Kushoto nimeazima tu. Lakini mkono wangu wa kulia haujawahi kuvaa kitu."

Ng'ambo ya simu hakukuja neno. Ilikuja pumzi, imevutwa kwa kishindo kutoka chini kabisa, kama ya mtu aliyeinamisha kikaango juu ya chungu.

"Imeiva," alisema Nashwa.