Ncha ya Uzi

Rafiki yangu, fundi saa, hushona mikoba ya ngozi kwa kujifurahisha tu, kazi aliyofundishwa na marehemu mkewe. Mkewe alizoea kulowesha ncha ya uzi kwa mate kabla ya kuupitisha kwenye sindano, naye mumewe, Mungu amsamehe, kutwa kumkaripia.

“Mama watoto, wewe kinyaa huna?”

“Leo mate yangu yamekuwa sumu?” mkewe alikuwa akimjibu akicheka. Asubuhi ya mwisho ya uhai wake hakucheka; aliiacha sindano bila uzi.

Mwezi mmoja baada ya mazishi, rafiki yangu alifungua chumba cha cherehani kutafuta mkasi. Mlikuwa na giza totoro. Gurudumu likalia kwii, kwii, likanyamaza.

“Mama watoto, nisamehe,” akanong’ona.

Akaipapasa sindano ambayo mkewe aliiacha tupu. Ilikuwa na uzi, na ncha yake imelowa, bado ina joto.