Gari Lililolalia Kushoto

Haya si ya kuambiwa. Yalimpata kaka yangu, tuliyetoka naye tumbo moja, na mimi nilikuwepo. Asiyetaka kuamini asiamini, sina tena nguvu za kubishana na mtu.

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote. Mama alikaa barazani akichambua dengu kwa vidole, maana macho yake yalishaingiwa na mtoto wa jicho na kila kitu kwake kilikuwa ukungu. Mimi nilikuwa sebuleni kwenye cherehani, nashona sare za shule. Mara tukasikia mngurumo kwenye kona. Mama akauliza, "Mvua hiyo?" Haikuwa mvua. Alikuwa kaka, na gari lake.

Kaka yangu ni dereva wa lori la taka. Kutwa anatambaa mtaa kwa mtaa, anasimama kila geti, inzi wakimsindikiza kama bwana harusi. Majirani walimbandika jina la Mwendokasi, naye alicheka pamoja nao. Lakini tangu ujana wake alitamani kitu kimoja tu, gari la spoti. Sasa kalipata. Kuukuu, milango miwili, jekundu lililopauka kama kitambaa kilichosahauliwa juani. Mzee aliyemuuzia alilitoa kwa bei ya kutupa, wala hakutaka kubishana.

"Rahisi huvunja upishi, mwanangu," mama alisema huku akilipapasa boneti.

"Mama, injini nzima kabisa. Ni vitu vidogo vidogo tu vya kurekebisha."

Kaka ni mrefu mno. Kuingia humo ilibidi ajikunje kama anayevaa shati la mtoto. Nyuma kulikuwa na kiti, ndiyo, lakini kiti cha jina tu: mtu mzima akikaa pale, magoti yanamfika kidevuni, na hawezi kutoka mpaka wa mbele ashuke na kumwinamishia kiti. Hakuna aliyewahi kukaa pale. Ndivyo tulivyodhani.

Vile vitu vidogo vidogo vikazaa wenzao. Rejeta ilivuja. Klachi ikaanza kuteleza. Ukibadilisha pampu ya maji, kesho gasketi inalia wivu. Spea za gari la umri ule hazipo dukani, zinatafutwa kwenye makaburi ya magari, na kaka alizitafuta kila siku ya mapumziko. Akitoka kwenye lori la taka anaingia chini ya gari. Nilikuwa nampelekea chakula, nikirudi nakikuta kimepoa pembeni ya jeki, miguu yake ikiwa imetoka nje, kimya, nami lazima niite mara kadhaa ndipo aitikie. Suruali zake nilizipunguza kiuno, kisha nikazipunguza tena. Sikuwa na hofu ya mashetani wakati ule. Niliogopa kaka yangu atakufa kwa kuchoka.

Kilichommaliza hasa ni ule mlalo. Gari lililala nyuma, upande wa kushoto. Si sana, lakini ukishaliona huwezi kuacha kuliona. Fundi wetu, Baba Pacha, akabadilisha springi. Likalala. Akabadilisha shokomzoba. Likalala. Akahamisha springi ya kulia kuipeleka kushoto na ya kushoto kuipeleka kulia, na gari likalala kushoto vilevile. Akalisukuma mpaka kwenye sakafu ya saruji ya gereji yake, sakafu iliyonyooka kama meza, akatoa kila kilichokuwa ndani: tairi la akiba, mazulia, hata viberiti vya kaka.

Akachuchumaa, akaangalia. Akacheka.

"Gari hili lina mtu."

Hakuna aliyecheka naye. Akainuka, akafuta mikono, akaangalia kile kiti cha nyuma kupitia kioo. Hakusema tena mzaha siku ile.

Siku ya kliniki ya macho, kaka alimpeleka mama kwa gari lake. Walirudi adhuhuri, jua kali, kweupe kabisa. Nilitoka kumpokea mama. Alishuka kwa shida, akanishika bega, kisha akageuka. Akakishika kile kiti cha mbele alichokuwa amekikalia, akakiinamisha, akasimama pembeni kama mtu anayempisha mwenzake.

"Shuka, baba. Usione haya," mama alisema kwa upole. "Karibu ndani. Hapa ni kwenu."

"Mama, unaongea na nani?"

"Na mgeni wenu. Kaka yako kamwacha nyuma njia nzima, hata kumsemesha hamsemeshi. Ndiyo malezi niliyowapa?"

Kaka alinikonyeza, akinionyesha macho yake kwa kidole. Ukungu wa mama, alimaanisha. Nami nikataka kutabasamu. Ndipo springi zikalia. Taratibu. Upande wa kushoto wa gari ukanyanyuka mbele ya macho yetu, kama godoro linavyonyanyuka mtu akiondoka. Gari likasimama sawa.

Mama alikuwa ameshaanza kuelekea mlangoni. Alitembea ukingoni mwa njia, akiacha nafasi pembeni yake.

Baba Pacha alipokuja kuliona gari limenyooka, hakufurahi kama fundi anavyofurahi. Aliuliza, "Mlifanya nini?" Kaka akamweleza. Baba Pacha alimsikiliza, akakusanya spana zake, akakataa hata maji ya kunywa. Langoni akaniita pembeni.

"Dada," alininong'oneza, "kwenye gari alikuwa abiria. Kwenu sasa ni mgeni."

Tangu hapo sofa la sebuleni lilibonyea upande mmoja. Nilikuwa nikishona nimelipa mgongo, na nilijua limekaliwa bila kugeuka. Mama alimimina chai kikombe cha ziada, akaongea kwa sauti ya chini kama watu wazima wanavyoongea mtoto akiwa amelala. Nikimuuliza, ananijibu bila wasiwasi wowote.

"Amechoka tu, masikini. Amekaa kule nyuma miaka na miaka. Magoti yanamuuma."

Hilo ningelivumilia. Nisichoweza kuvumilia ni kaka. Sasa gari lilikuwa zima, na yeye hakuliendesha. Akitoka kazini alikuja moja kwa moja kwenye lile sofa, akakaa pembeni ya pale palipobonyea, akafumba macho. Kila siku alikaa karibu zaidi. Kuna jioni nilimkuta kichwa chake kimeinama kando, hewani, hakijagusa mto wala ukuta. Kimeegemea. Nilimvuta mkono nikalia.

"Niache, mdogo wangu," alisema bila kufumbua macho. "Hapa ndipo ninapopumzika."

Nikamwendea mama nikamwambia wazi kwamba mgeni wake ananimalizia kaka. Mama yangu ana moyo laini, lakini mbele ya wanawe si mtu wa kuchezewa. Akainuka, akapapasa ukuta mpaka sebuleni, akasimama mbele ya sofa.

"Baba, tumekupokea vizuri. Lakini mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa kwetu hakuna anayekaa bure." Akaliegemeza jembe letu la bustani kwenye mlango wa jikoni, akaenda kulala.

Asubuhi jembe lilikuwa na udongo mbichi.

Nyuma ya jiko, pale nilipokuwa napanda mboga, kulikuwa na shimo. Kingo zake zimenyooka. Udongo wote umerundikwa upande mmoja, hakuna hata donge lililoanguka kwenye mboga zangu. Lilikuwa refu na jembamba, na lina kina. Mimi ni fundi cherehani. Mwili wa mtu naupima kwa jicho, na mama nimemshonea maisha yangu yote. Nilijua palepale kwamba shimo lile si la mama. Mama angebakiza nafasi kubwa miguuni. Shimo lilikuwa la mtu mrefu.

Niligeuka. Kaka alikuwa nyuma yangu, pekupeku, analitazama.

"Limekaa vizuri," alisema.

"Kaka, twende ndani."

"Angalia lilivyo na kivuli." Akakaa ukingoni. Akashusha mguu mmoja ndani, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. "Kwa kweli, mdogo wangu, ningelala humu hata sasa hivi."

Nikamshika shati. Nilimvuta kwa nguvu zangu zote na hakusogea. Alikuwa mzito. Alikuwa mzito kuliko kaka yangu.

"Mama!"

Mama alitoka akipapasa hewa. Aliponisikia ninavyohema, akajua. "Toa mguu humo!" alifoka. "Si lako! Aliyechimba ndiye atakayelala!" Kisha, kwa sauti ya kunong'ona, akielekeza uso pale pasipo na mtu: "Lala, baba. Umefanya kazi. Sasa lala."

Uzito ukaachia. Mimi na kaka tukaanguka kinyumenyume kwenye mboga.

"Fukieni," mama alisema. "Hana mwingine wa kumfukia. Na msitazame ndani."

Kaka alichukua koleo. Mimi nikachukua jembe. Udongo wa kwanza ukashuka. Haukutoa sauti ya udongo juu ya udongo. Ulitoa sauti ya udongo juu ya nguo. Nguo naijua. Ilikuwa pamba nzito, ya koti.

Kaka akasimama.

"Endelea," mama alinong'ona.

Tukaendelea. Hatukutazama. Sauti ya nguo ikapungua, ikafifia, ikaisha. Shimo likajaa, tukashindilia kwa miguu, ardhi ikawa sawa na ardhi. Na pembeni udongo ukawa umebaki, rundo ambalo halikuwa na pa kwenda. Mama alilipapasa kwa viganja, akazunguka, akapapasa tena upande wa pili. Niliona uso wake ukibadilika.

"Huyu alikuwa mtu mmoja tu," alisema polepole. "Mbona udongo umebaki wa watu wawili?"

Kaka alikuwa ameegemea koleo, hatoki hata jasho.

Mama ameshafanyiwa upasuaji na sasa anaona mpaka tundu la sindano. Sofa limenyooka. Gari linaenda kama upepo, Baba Pacha mwenyewe anasema hajaona gari la umri ule likikaa vizuri hivyo. Rundo la udongo bado liko nyuma ya jiko. Mvua kubwa imepita na haikulipunguza, na kaka aliwahi kulijaza kwenye lori la taka akalimwaga dampo, lakini kesho yake tulilikuta mahali pake.

Na kaka hachoki. Anarudi kutoka kwenye lori akiwa kama alivyotoka. Sijamwona akipiga mwayo, sijamwona akisinzia. Nikiamka alfajiri namkuta ameketi kitandani, shuka halina hata kunyanzi. Majirani wanampongeza, wanasema gari limempa ujana. Mama, tangu apate macho, akimtazama hakawii kugeuza uso, na akiulizwa anasema mwanga unamuumiza.

Mimi ninayemfulia na kumshonea ndiye ninayejua ninavyomkosa kaka yule wa zamani, yule aliyekuwa akisinzia na kijiko mdomoni. Leo mchana alikuja kusimama karibu na cherehani yangu. Nikamuuliza, kwa kumwomba zaidi ya kumuuliza, "Kaka, hujachoka kweli?"

Akanitazama kwa upole, akifikiri, kama mtu aliyetajiwa jina la mtu asiyemfahamu.

"Kuchoka ndiyo nini, mdogo wangu?"