Mkono Usioguswa

Waiyego alikuwa na pini mdomoni siku ile mvua ilipomsukuma mwanamume mrefu ndani ya kibanda chake cha ushonaji, katikati ya soko la Eldoret, wauza mitumba wakikimbizana na maturubai. Koti lake la kijivu lilikuwa limelowa mabegani, viatu vimejaa matope, na bado alikuwa anatabasamu.

"Madam, unashona shati?"

Akazitoa pini. "Nashona mpaka suti ya harusi. Wewe lete kitambaa tu."

Aliitwa Obonyo, karani wa duka la mbegu na mbolea ng'ambo ya barabara. Mkono wa kulia aliutoa upimwe. Wa kushoto akauficha mgongoni kama mtoto aliyeiba sukari.

"Huo ushone na vipimo vya huu," akasema. "Lakini uongeze upana."

"Kwani huo ndio unakula ugali mwingi?"

"Ongeza tu, mrembo."

Neno hilo la mwisho ndilo lililommaliza Waiyego. Kufikia mavuno ya mahindi Obonyo alikuwa na mashati mengi kuliko pasta wa kanisa, yote ya mikono mirefu, na kila jioni alipiga simu.

"Umekula, Waiyego wangu?"

"Nimekula chai."

"Chai hailiwi."

"Basi kuja unilishe."

Lakini Jumanne na Ijumaa alikuwa mteja, simu haipatikani. Asubuhi mteja, mchana mteja. Akiulizwa, mara ni mtandao, mara walikuwa wanahesabu stoki. Na Waiyego akijaribu kumshika ule mkono wa kushoto, anauchomoa haraka. Basi msichana akaanza kuumwa na wivu, na wivu haujui kulala.

Mambo yaliharibikia kwenye harusi ya rafiki yake, Betty. Waiyego alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe likamkaa sawasawa, na wanaume kadhaa walisahau pilau yao. Muziki uliponoga, akamdaka Obonyo mkono wa kushoto, akaukaza kwa nguvu. Chini ya shati kitu kikamtetemeka kiganjani.

"Obonyo, nini hii? Umeficha simu?"

"Niachilie."

"Inavibrate! Ni nani huyo anakupigia?"

"Waiyego, niachilie mkono!"

Alipaza sauti mpaka watu wakageuka. Kisha akatoka nje ameukumbatia ule mkono kifuani. Kikulacho ki nguoni mwako, Waiyego alijiambia, na uchungu ulizidi kwa kuwa nguo yenyewe alikuwa ameishona yeye. Akaifunga namba ya Obonyo isipite tena, akawa analia juu ya cherehani.

Siku moja namba ngeni ikaita.

"Ni Aluoch, dada yake Obonyo. Yuko wodi. Mkono wake umeziba."

"Mkono unazibaje?"

Aluoch akashangaa. "Kwani hakukwambia?"

Waiyego alimkuta Obonyo wodini amelala, mpira wa mashine umechomekwa shingoni, mkono wa kushoto u wazi juu ya mto. Hakuwahi kuuona. Kutoka kwenye kiwiko kwenda juu ulipita mstari uliovimba chini ya ngozi, umejaa makovu ya sindano. Obonyo alimweleza huku akitazama dari. Figo zake zilikufa kabla hawajajuana, na kila Jumanne na Ijumaa mashine humsafisha damu. Ndani ya mkono huo waliweka mrija wa plastiki, damu ikawa inapita kwa kasi mpaka ngozi inatetemeka. Sasa mshipa ulikuwa umejifinya pale unapoungana na mrija, damu ikasimama.

"Ni mimi nilikufinya?" Waiyego akauliza, akiketi ukingoni mwa kitanda, machozi yakimlenga.

"Hapana. Mshipa ulikuwa umeanza kuwa mwembamba kitambo. Usijibebeshe."

"Mbona hukuniambia?"

"Yule wa kabla yako nilimwambia. Akasema anaenda kununua maji, hajarudi mpaka leo."

Waiyego alitamani kumzaba kofi na kumkumbatia kwa pamoja.

"Kesho wananiwekea mrija mwingine," Obonyo akaendelea. "Huo umepakwa dawa, ndio mshipa usinenepe ndani ukaziba tena. Bado wanaujaribu, na daktari hakuniapia kitu. Tungoje mwaka, mpenzi. Usipoziba, nitakuja kwenu kwa mzee."

"Na ukiziba?"

Obonyo akavuta shuka juu ya mkono.

"Obonyo, ukiziba?"

"Basi utafute mwenye afya."

Maneno hayo yalimkata maini. "Naogopa," akasema. "Sikudanganyi, naogopa sana. Lakini mimi siposwi na mrija. Unanitaka ama hunitaki?"

"Nakutaka. We unajua nakutaka."

"Basi usimfiche baba yangu vile ulinificha mimi."

Waiyego akampigia baba simu palepale. Mzee Gikonyo wa Turbo hakuwa mtu wa kuchezea, na alikuwa amekwisha kuuliza mara nyingi kama vijana wa Kikuyu wameisha Eldoret hata atembee na Mjaluo.

"Baba, kuna mtu anataka kuongea na wewe," akasema, akamwekea mgonjwa simu sikioni.

"Hello? Ni nani?"

Obonyo akafumba macho. "Mzee, naitwa Obonyo. Nampenda binti yako, na nataka kuja kwenu. Lakini kwanza ujue mimi ni mgonjwa."

Mzee akakohoa.

"Mgonjwa wa nini, kijana?"

Obonyo akamwambia. Alimwambia yote, polepole, hata yale ambayo Waiyego alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza, na Waiyego hakuinuka pale kitandani.