Sindano ya Miezi Mitatu

Warigia alikuwa akianika mahindi nyumbani Turbo alipomsikia mumewe, Kuria, akinong'ona kwenye simu nyuma ya ghala.

"Ndiyo, Sarah. Sindano ya miezi mitatu. Kesho nakuja. Usimwambie mtu."

Warigia aliacha kuanika. Sindano ya miezi mitatu! Nani asiyejua ni ya kupanga uzazi? Yeye Warigia alishakoma kuzaa, ana wajukuu. Basi ni ya nani? Sasa alielewa ni kwa nini Kuria hamgusi tena, na ni kwa nini anatoka jasho hata kwenye baridi ya Julai. Lo! Mzee mzima, amejipatia kipusa mjini!

Kesho yake Kuria alivaa koti, akasema anaenda kutafuta mbolea. Siku za mwizi ni arobaini! Warigia alijifunga leso, akamfuata mpaka Eldoret. Alimwona akiingia kliniki. Akasukuma mlango.

"Sarah ni nani? Atoke nimwone!"

"Ni mimi, Mama," akajibu muuguzi, sindano mkononi. Mbele yake Kuria alikuwa amepandisha shati, tumbo wazi.

"Baba Ciku! Kwani unapanga uzazi wewe?"

Kuria aliinamisha kichwa. "Nina kansa ya tezi dume, Mama Ciku. Niliona aibu. Na sindano ya leo ni ya mwisho, sitaki tena. Watu wanasema hizi dawa za homoni zinageuza mwanaume kuwa mwanamke."

"Hapana, Mzee," Sarah akasema. "Kansa hii inalishwa na homoni ya kiume. Sindano inafanya mwili uache kuitengeneza, kansa ikose chakula. Jasho, uchovu na kukosa hamu ya mapenzi huletwa na dawa hii. Tuambie, tutakusaidia. Lakini usiache bila kuongea na daktari. Kansa inaweza kuamka."

Warigia alimkazia muuguzi macho. "Nitajuaje hamnidanganyi?"

"Uje naye kila mara. Tunapima damu. Muulize daktari mwenyewe."

Hapo machozi yakamtoka. "Heri ingekuwa kipusa," akamwambia Kuria. "Huyo ningemfukuza."

Tangu siku hiyo wanaenda pamoja. Dalili za kansa kwenye vipimo vya damu zimeshuka vizuri, na daktari amefurahi. Siku ikikaribia, Warigia anaita shamba zima likisikia:

"Baba Ciku! Sindano yetu ya miezi mitatu!"

Siku moja jirani yao Nasike aliacha kupalilia. "Woi, Mama Ciku! Kwani bado mnazaa?"

"Kuzaa tuliacha," Warigia akajibu. "Kuishi bado."